Kuongezewa damu kwa anayefanyiwa upasuaji wa ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Suala la damu mara nyingi huletwa mwishoni, fomu ya ridhaa ikiwa tayari mezani na familia ikiwa imechoshwa na maelezo ya uvimbe, fuvu na dawa za usingizi. Ndugu husaini bila kuuliza, kisha maswali huanza usiku. Majibu haya ni kwa ajili ya mgonjwa na wanaomuuguza. Hayachukui nafasi ya daktari anayemwona, ila yatakusaidia kujua cha kumuuliza, na ni vizuri kumuuliza siku kadhaa kabla ya upasuaji, si asubuhi yake.

Je, kila anayepasuliwa ubongo huongezewa damu?

Hapana. Wengi humaliza upasuaji bila kupewa hata chupa moja. Anayetobolewa tundu dogo kwenye fuvu ili kichukuliwe kinyama cha kupimwa, au anayewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, kwa kawaida hupoteza damu kidogo sana.

Hali hubadilika uvimbe unapokuwa na mishipa mingi. Meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, unaweza usiwe saratani kabisa na bado ukavuja damu nyingi, hasa ukiwa mkubwa au ukiwa umegusa mshipa mkuu wa vena unaopita katikati ya utosi. Mshipa huo hauwezi kufungwa hivi hivi, kwa sababu damu ya sehemu kubwa ya ubongo hurudi kwenye moyo kupitia humo. Wengine walio kwenye hatari hii ni waliozaliwa na ateri na vena zilizosongamana kichwani, wenye anyurizimu (ateri iliyotuna na ukuta wake kudhoofika), wenye saratani ya figo iliyosambaa hadi kwenye ubongo, majeruhi wa kichwa, na watoto wachanga wanaorekebishwa umbo la fuvu.

Ukiambiwa mgonjwa wako yumo humo, uliza: zimeandaliwa chupa ngapi, na je, ziko tayari hapa hospitalini? Usishtuke ukitajiwa chupa nne. Kuandaa damu si kuamua kuitumia, na mara nyingi hurudi benki ya damu bila kuguswa.

Damu ya mgonjwa wetu ni 8. Mbona hawamwongezei?

Hili ndilo swali linalozua wasiwasi kuliko mengine yote, na linastahili jibu refu.

Namba hiyo ni himoglobini, gramu 8 kwa kila desilita ya damu. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba ya kuutosha hata dakika chache. Kwa hiyo wazo kwamba mgonjwa wa ubongo asiachwe na upungufu wa damu lina mantiki. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu kiwango cha kuanzia.

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Kanada, uitwao TRICC, uliofanywa kwa wagonjwa mahututi wa aina mbalimbali. Ulionyesha kuwa kusubiri himoglobini ishuke chini ya 7 kabla ya kuongeza damu hakukuwa na madhara zaidi ya kuongeza ikiwa chini ya 10. Tangu hapo 7 ikawa namba ya kawaida katika vyumba vingi vya wagonjwa mahututi, na wagonjwa wa ubongo wakaingizwa humo, ingawa si wao hasa waliochunguzwa.

Mwaka 2024 zikatoka tafiti tatu za ubongo wenyewe. HEMOTION ilihusu majeruhi wa kichwa 742 na ikalinganisha 7 na 10. SAHaRA nayo ilikuwa na wagonjwa 742, waliovuja damu juu ya ubongo baada ya anyurizimu kupasuka, ikalinganisha 8 na 10. Katika zote mbili waliowekwa kwenye kiwango cha juu walielekea kuwa na nafuu kidogo, lakini tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuwa na uhakika kwamba si ya bahati tu. TRAIN ilichanganya wagonjwa wa aina hizo mbili na waliovuja damu ndani ya ubongo, ikalinganisha 7 na 9. Humo tofauti ilikuwa wazi: baada ya siku 180, waliokuwa na hali mbaya, ikiwemo kifo na ulemavu mkubwa, walikuwa asilimia 62.6 katika kundi la 9 na asilimia 72.6 katika kundi la 7.

Ndiyo maana timu nyingi sasa hazisubiri 7 kwa mtu ambaye ubongo wake umeumia karibuni na yuko mahututi. Huongeza damu ikikaribia 9. Kwa maoni yangu hayo ni mabadiliko ya haki, na familia ya mgonjwa wa aina hiyo ina kila sababu ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, kwa mgonjwa wetu mnatumia kiwango gani, na kwa nini?"

Lakini angalia vizuri tafiti hizo zilihusu nani. Hazikuhusu mtu aliyepangiwa kutolewa uvimbe, akaamka vizuri, anazungumza na kusogeza viungo vyote, na siku ya pili damu yake ikasoma 8. Mtu huyo akiwa haendelei kuvuja, presha iko sawa, mapigo ya moyo hayakimbii na hana ugonjwa wa moyo, kumwacha na 8 huku akifuatiliwa kwa karibu si uzembe. Mwenye 8 hiyo hiyo aliyechanganyikiwa ghafla, au ambaye mkono umeanza kulegea, au ambaye asubuhi alikuwa na 11, ana habari nyingine kabisa. Kasi ya kushuka na dalili za ubongo zina uzito kama namba yenyewe.

Kama damu inasaidia, kwa nini wasimwongezee tu kwa usalama?

Kwa sababu nayo ina madhara yake. Hatari ambayo watu huiogopa zaidi ni maambukizi ya virusi, lakini damu inapopimwa ipasavyo kabla ya kutolewa benki, hilo huwa nadra. Yanayotokea zaidi ni homa, mzio, na mwili kuzidiwa na maji kiasi kwamba mapafu hujaa na mgonjwa kushindwa kupumua, hasa mzee au mwenye moyo dhaifu. Ipo pia hali adimu ambapo damu aliyopewa huamsha kinga ya mwili na kuyaumiza mapafu yenyewe. Katika HEMOTION, matatizo makali ya mapafu yalionekana kwa asilimia 3.3 ya kundi la 10 na asilimia 0.8 ya kundi la 7. Utafiti mwingine wa majeruhi wa kichwa 200, uliotoka mwaka 2014, ulikuta damu kuganda kwenye mishipa kwa asilimia 21.8 ya waliolengwa kufikishwa 10, dhidi ya asilimia 8.1 ya waliolengwa 7.

Mapafu yakishindwa, ubongo ndio wa kwanza kukosa oksijeni. Kwa hiyo mgonjwa asiyevuja huongezewa chupa moja, anapimwa tena, ndipo inaamuliwa kama anahitaji ya pili. Kwa mtu mzima chupa moja hupandisha himoglobini kwa karibu gramu 1.

Wakati upasuaji unaendelea, nani anaamua?

Kwa kawaida ni mtaalamu wa usingizi, akizungumza na daktari mpasuaji hatua kwa hatua.

Kukadiria damu iliyopotea ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Ubongo huoshwa kwa maji ya chumvi muda wote wa upasuaji, kwa hiyo kinachoonekana kwenye chupa ya kufyonzea ni damu iliyochanganyika na maji. Muuguzi huandika kila lita ya maji iliyotumika ili itolewe kwenye hesabu. Vitambaa vilivyolowa huhesabiwa, na mahali pengine hupimwa uzito. Halafu kuna damu isiyoonekana: ngozi ya kichwa ina mishipa mingi mno, na licha ya vibanio vinavyowekwa pembeni mwa jeraha, damu hutiririka chini ya mashuka hadi sakafuni. Mtaalamu mzuri wa usingizi utamwona akiinama kuangalia chini ya meza.

Ndiyo sababu hawategemei jicho peke yake. Huchukua damu kidogo kwenye mrija uliowekwa kwenye ateri ya mkono na kupata jibu la himoglobini ndani ya dakika chache, huku wakifuatilia presha, mapigo, na kasi ya uvujaji. Mshipa mkubwa ukichanika, hakuna anayesubiri majibu. Damu huanza kuingia mara moja, ikiwa imepashwa joto kwa mashine, pamoja na plazma na chembe sahani, na kalsiamu hupimwa na kuongezwa kwa kuwa dawa inayozuia damu isigande mfukoni hushusha kalsiamu mwilini.

Chembe sahani na plazma ni nini, na kwa nini wanasema zinahitajika hata kama himoglobini ni nzuri?

Chembe nyekundu hubeba oksijeni. Chembe sahani na plazma husaidia damu kuganda. Mtu anaweza kuwa na 13 na bado asifae kupasuliwa kichwa kwa sababu damu yake haigandi.

Tumboni au pajani, kuvuja kidogo baada ya upasuaji huvumilika. Ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada. Bonge dogo la damu hupandisha shinikizo, hukandamiza ubongo, na linaweza kuua. Kwa sababu hiyo madaktari wa ubongo wengi hutaka chembe sahani zisipungue 100,000 kwa kila maikrolita, wakati kwa upasuaji mwingi mwingine 50,000 hutosha. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, hutakiwa kiwe chini ya 1.5, na wengi wanapenda 1.4 au chini zaidi.

Pia uliza kuhusu muda. Chembe sahani hukaa siku 5 hadi 7 tu, katika joto la kawaida la chumba, zikitikiswa muda wote, kwa hiyo si kila benki ya damu inazo. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye ubaridi hadi siku 42, kutegemea maji zilimowekwa. Mgonjwa mwenye chembe sahani chache asiingizwe chumba cha upasuaji kwa matumaini kwamba zitapatikana njiani.

Baba anatumia aspirini. Mwingine anatumia wafarini. Tuziache lini?

Msiziache wenyewe. Mtu aliyewekewa stenti (kijimrija cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) au mwenye vali ya bandia anaweza kupata mshtuko wa moyo au kiharusi kwa kuacha dawa bila mpango. Kwa upasuaji uliopangwa, kwa kawaida aspirini husimamishwa karibu siku 7 kabla, klopidogreli siku 5 hadi 7, wafarini siku 5, na zile mpya za kuzuia damu kuganda siku 2 hadi 3 au zaidi figo zikiwa dhaifu. Daktari wa moyo na wa ubongo wanapaswa kukubaliana tarehe, na nyie mpewe kwa maandishi.

Kwenye dharura, wafarini hupinduliwa kwa vitamini K pamoja na mkusanyiko wa vigandishi vya damu, dawa inayofanya kazi haraka kuliko plazma na isiyomjaza mgonjwa maji. Kwa aspirini mambo si rahisi hivyo. Utafiti wa PATCH wa mwaka 2016 uliwapa chembe sahani baadhi ya watu waliovuja damu ndani ya ubongo wakiwa kwenye dawa za aina hiyo, na waliopewa ndio walioishia vibaya zaidi. Hao hawakuwa wa kwenda kupasuliwa. Anayepasuliwa huamuliwa kivyake.

Tajeni pia dawa za mitishamba, vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki na dawa za maumivu mlizonunua dukani. Watu huzificha wakidhani si dawa, na baadhi hupunguza uwezo wa damu kuganda.

Tufanye nini ili asihitaji damu, au ahitaji kidogo?

Hapa ndipo familia ina nguvu kubwa, na hapa ndipo nafasi hupotea. Kama upasuaji umepangwa wiki nne mbele na himoglobini iko chini ya 13 kwa mwanamume au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, huo ni upungufu wa damu, na sababu yake inatafutwa sasa. Mara nyingi ni madini ya chuma. Vidonge vya chuma huhitaji wiki kadhaa, ya kuchomwa kwenye mshipa huwahi zaidi. Mgonjwa anayeingia akiwa na 13 ana nafasi ya kupoteza damu ambayo mwenye 9 hana. Inasikitisha kuona mtu akiongezewa chupa mbili kwa upungufu uliojulikana mwezi mzima kabla.

Siku za karibu na upasuaji, uvimbe wenye mishipa mingi unaweza kuzibwa ateri zinazoulisha kwa mrija mwembamba unaopitishwa kutoka kwenye paja au kifundo cha mkono. Si kila uvimbe unafaa, na utaratibu huo wenyewe una hatari ya kiharusi.

Ndani ya chumba cha upasuaji, kichwa huinuliwa kidogo, mwili huwekwa kwenye joto, na mishipa huchomwa kwa umeme, mbinu ambayo Harvey Cushing aliiingiza kwenye upasuaji wa ubongo mwaka 1926 kwa kifaa cha William Bovie. Uvimbe uliokuwa haugusiki kwa sababu ya damu ukaanza kutolewa. Kuna pia dawa ya asidi ya traneksamiki, inayozuia bonge la damu kuyeyuka mapema. Utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019, uliokuwa na majeruhi wa kichwa 12,737, ulionyesha kuwa ikitolewa ndani ya saa 3 hupunguza vifo vya walioumia kwa kiasi kidogo au cha kati. Kwa walioumia vibaya mno faida hiyo haikuonekana.

Ndugu wanaweza kumtolea damu yao?

Wanaweza kuchangia, lakini damu yao hupitia vipimo vyote kama ya mtu mwingine. Damu ya mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja ina jambo la ziada: inafanana na ya mgonjwa kiasi kwamba chembe nyeupe zilizomo zinaweza kukaa mwilini na kuushambulia. Ni nadra, ila karibu kila mara huua, kwa hiyo damu hiyo inapaswa kupigwa mionzi kwanza. Njia bora ni ndugu wachangie benki ya damu mapema, mgonjwa apewe ya mtu asiye jamaa yake.

Mtoto wetu ana miezi sita. Wanasema lazima atahitaji damu. Kweli?

Kwa upasuaji wa kurekebisha fuvu, mara nyingi ni kweli. Mtoto ana karibu mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mwenye kilo 6 ana mililita 480 kwa jumla, kwa hiyo akipoteza 100 ameondokewa na zaidi ya moja ya tano ya damu yake. Kwa mtu mzima 100 hizo hazitambuliki. Watoto wadogo pia huficha: presha hubaki nzuri, kisha huanguka ghafla. Timu makini huanza damu mapema, kwa mililita zinazohesabiwa kwa uzito.

Mgonjwa ana sikoseli. Kuna tofauti?

Ipo, na kubwa. Kabla ya upasuaji wa ubongo madaktari huongeza damu hadi himoglobini ifike karibu 10, au hubadilishana damu: hutoa yake na kuingiza ya mchangiaji mpaka himoglobini ya sikoseli iwe chini ya asilimia 30. Kupitiliza 10 kwa kuongeza tu huifanya damu iwe nzito na kuleta kiharusi. Daktari wa magonjwa ya damu ashirikishwe tangu mwanzo.

Mgonjwa wetu hapokei damu kwa sababu ya imani. Watakataa kumpasua?

Si lazima. Mashahidi wa Yehova wamefanyiwa upasuaji mwingi wa ubongo bila damu. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa, na uamuzi wake huheshimiwa hata akipoteza fahamu, ilimradi uliandikwa na kusainiwa wazi. Kinachohitajika ni mazungumzo ya kina kipengele kwa kipengele, akiwa peke yake na daktari bila ndugu wala kiongozi wa dini: je, anakubali albumini (protini inayotolewa kwenye plazma)? Vigandishi? Mashine inayokusanya damu yake mwenyewe, kuisafisha na kumrudishia? Wengine hukubali baadhi. Mashine hiyo kwa kawaida haitumiwi kukiwa na maambukizi, na kwa saratani hujadiliwa kwa uangalifu. Ipo pia hali ambayo daktari atasema ukweli kwamba uvimbe huu bila damu una hatari ya kifo, na kupendekeza mionzi au kuutoa kwa awamu.

Kwa mtoto, mahakama katika nchi nyingi zinaweza kuruhusu damu itolewe kuokoa maisha hata wazazi wakikataa.

Ilikuwa ajali, hatukuulizwa chochote. Walikuwa na haki?

Mtu asiye na fahamu, anayevuja, ambaye hakuna andiko la kukataa kwake, hupewa damu bila kusubiri saini. Kundi likiwa halijajulikana huanzwa na O hasi, hasa kwa wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa, kisha hubadilishwa kwenda kundi lake likishapimwa. Wanapaswa kuwaeleza baadaye kilichofanyika. Mkiwa hamjaelezwa, ulizeni.

Tunajuaje hawajakosea mfuko?

Angalieni kitandani. Watumishi wawili husoma jina kamili na namba ya mgonjwa kutoka kwenye mkanda wa mkononi, si kutoka kwenye faili, kisha husoma yaliyo kwenye mfuko: jina, namba, kundi, tarehe ya mwisho wa matumizi. Mfuko wenyewe hukaguliwa kama umevuja au damu imebadilika rangi. Presha, mapigo na joto hupimwa kabla, na tena dakika 15 za mwanzo. Mfuko mmoja wa chembe nyekundu haupaswi kupita saa 4. Mgonjwa akilalamika baridi kali, maumivu ya kiuno, kifua kubana au kuwashwa, mwiteni muuguzi hapo hapo, naye atafunga dripu kwanza.

Aliye kwenye usingizi wa dawa hawezi kulalamika. Kwake dalili ni presha kushuka bila sababu, mkojo mweusi, au damu kuanza kutoka kila mahali. Ndiyo maana ule ukaguzi wa sauti kabla ya kufungua mfuko haurukwi hata chumba kikiwa kwenye haraka.

Amesharuhusiwa. Kuna cha kuangalia?

Ombeni iandikwe kwenye ripoti ya kuruhusiwa: aliongezewa nini, kiasi gani, tarehe gani, na kama alipata tatizo. Mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya watu wengine, na hospitali itakayomwongezea damu baadaye inahitaji kulijua hilo kabla ya kutafuta inayomfaa. Kati ya siku ya 3 na ya 14 baada ya kuongezewa, macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi, homa ikipanda au akichoka ghafla kuliko alivyotoka hospitali, mrudisheni siku hiyo hiyo na mseme kwamba aliongezewa damu. Maumivu makali ya kichwa, usingizi usio wa kawaida au kutapika mfululizo ni jambo jingine, la ubongo wenyewe, na hilo halisubiri hata saa moja.